Kiti kimoja, nauli tatu: kusafiri peke yako kwa treni Skandinavia kwa bajeti ndogo

Katika behewa la daraja la pili la treni inayotoka Oslo kwenda Bergen, abiria watatu walioketi safu moja wanaweza kuwa wamelipa nauli tatu zinazotofautiana sana, ingawa wote watashuka stesheni ileile baada ya mwendo wa karibu saa saba. Wa kwanza alikata tiketi miezi miwili kabla na kukubali kwamba hataibadilisha. Wa pili aliikata asubuhi hiyohiyo. Wa tatu hana tiketi ya njia hiyo, bali ana pasi ya reli, yaani kibali cha kupanda treni nyingi kwa idadi fulani ya siku, pamoja na ada ndogo aliyolipa ili ahifadhiwe kiti. Mtu anayesimuliwa kwamba treni za Skandinavia hazishikiki kwa bei, mara nyingi huwa amesimuliwa habari za yule wa pili. Msafiri anayekwenda peke yake na mfuko mwepesi hana budi kujua mapema ni yupi kati ya hao watatu anayeweza kuwa yeye. Na kama anatumia pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, jibu lake litaamuliwa na viza zaidi kuliko na reli yenyewe.

Utata wa kwanza unatokana na kuiona Skandinavia kama nchi moja. Denmark, Uswidi na Norwei zina lugha zinazokaribiana na mipaka ambayo treni huivuka bila kusimama kwa muda mrefu, lakini kila moja ina utaratibu wake wa reli. Uswidi ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuugawanya utaratibu huo. Mwaka 1988 nchi hiyo ilitenganisha umiliki wa reli na uendeshaji wa treni: kampuni ya dola, SJ, ikabaki na treni, huku njia zikikabidhiwa mamlaka nyingine, ambayo majukumu yake yalichukuliwa mwaka 2010 na mamlaka ya uchukuzi iitwayo Trafikverket. Baadaye soko lilifunguliwa, na leo kati ya Stockholm na Göteborg, umbali wa kilomita 455, SJ inashindana na VR ya Finland, iliyonunua mwaka 2024 huduma iliyokuwa ya MTR. Kati ya Malmö na Stockholm kuna pia Snälltåget. Chini ya treni hizo za masafa marefu kuna treni za mikoa zinazosimamiwa na mamlaka kama Skånetrafiken na Västtrafik, zenye tiketi na programu zao za simu.

Norwei ilifuata njia nyingine. Kampuni yake kongwe, NSB, ilibadilishwa jina kuwa Vy mwaka 2019, na katika miaka hiyo njia kuu zikaanza kutolewa kwa zabuni: Oslo–Stavanger ikaenda kwa Go-Ahead, Oslo–Trondheim na Trondheim–Bodø zikaenda kwa tawi la SJ, na Oslo–Bergen ikabaki kwa Vy. Nafuu kwa abiria ni kwamba kampuni ya dola, Entur, huonyesha na kuuza tiketi za waendeshaji wote mahali pamoja. Denmark kwa kulinganisha ni nyepesi, kwa kuwa DSB ndiyo mwendeshaji mkuu na hakuna haja ya kuhangaika na wengine isipokuwa katika baadhi ya njia za Jutland. Kwa hiyo anayetafuta nauli katika tovuti ya kampuni moja tu na kukata tamaa huwa amesoma ukurasa mmoja wa kitabu chenye kurasa nyingi.

Huongezeka hapo suala la fedha. Nchi zote tatu hutumia sarafu iitwayo krone au krona, jina lililobaki kutoka muungano wa sarafu ulioanzishwa mwaka 1873 na Denmark na Uswidi, Norwei ikajiunga mwaka 1875, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuuvunja. Leo ni sarafu tatu zisizolingana. Ya Denmark imefungamanishwa na euro na ina thamani kubwa kuliko mbili nyingine, ambazo hupanda na kushuka sokoni. Tiketi ya 300 mjini Copenhagen si sawa na tiketi ya 300 mjini Stockholm, na aliyezoea kulinganisha kwa kutazama tarakimu tu hudanganyika haraka.

Sasa tuje kwenye nauli yenyewe. Msomaji aliyezoea treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa anajua nauli inayopangwa kwa daraja na kubaki ileile, uikate leo au wiki mbili kabla. Treni za masafa marefu za Uswidi na Norwei huuzwa kama tiketi za ndege: viti vya kwanza huuzwa kwa bei ya chini, na kadiri vinavyopungua ndivyo bei inavyopanda, huku Ijumaa jioni na Jumapili mchana zikiwa nyakati mbaya zaidi za kununua. Tiketi hufunguliwa miezi miwili au mitatu kabla ya safari, wakati mwingine zaidi. DSB nayo ina tiketi za Orange, ambazo ni chache kwa kila treni na hufungamana na saa maalumu. Tiketi hizi za chini kabisa zina sharti linalofanana: hazirudishwi, na treni iliyoandikwa ndiyo utakayopanda.

Hata hivyo si kila treni iko katika mnada huo. Treni za mikoa kwa sehemu kubwa zina nauli isiyobadilika, iwe umekata mwezi uliopita au dakika tano zilizopita. Treni za Øresundståg, zinazovuka daraja kutoka Copenhagen hadi Malmö kwa takriban dakika 40 na nyingine kuendelea hadi Göteborg, ziko katika kundi hili. Mtu aliyechelewa kukata tiketi ya treni ya kasi anaweza kuigawa njia yake katika vipande vya treni za mikoa, akafika saa mbili au tatu baadaye kwa nauli ambayo haikumsubiri apatwe na shida ndipo ipande. Wanaosafiri na watoto au mizigo mingi hawawezi kufanya hivyo kwa urahisi; anayesafiri peke yake na begi moja mgongoni anaweza, na kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya kwanza ya upweke barabarani.

Pasi ya reli ni jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kuna pasi mbili zinazofanana karibu kwa kila kitu: Interrail, iliyoanza mwaka 1972, ni kwa wakazi wa Ulaya, Eurail, iliyoanza mwaka 1959, ni kwa wanaoishi nje ya Ulaya. Kinachotazamwa si rangi ya pasipoti peke yake. Mtanzania anayeishi kihalali Hamburg hununua Interrail kwa uthibitisho wa ukazi wake, ilhali Mtanzania anayetoka Tanga hununua Eurail. Pasi ya kawaida hutoa idadi ya siku za kusafiri, kwa mfano siku 4, 5 au 7 ndani ya mwezi mmoja, au siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili, na wenye umri wa miaka 27 au chini yake hupata bei ya vijana.

Siku moja ya pasi huanza saa sita usiku na kuishia saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unaweza kupanda treni nyingi upendavyo. Treni ya usiku ina kanuni ya peke yake: huhesabiwa siku ya kuondoka tu, ilimradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku. Anayeondoka Stockholm jioni na kufika Narvik siku ya pili, mwendo wa karibu saa 20, huwa ametumia siku moja ya pasi kwa safari ya takriban kilomita 1,500, na wakati huohuo ameokoa gharama ya kulala hotelini. Ukiipanga pasi kwa safari fupi kama Copenhagen–Malmö, umeitupa. Ukiipanga kwa safari ndefu, kila siku moja inalipa gharama yake.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo ni kwamba pasi si kiti. Treni za kasi za SJ na treni za usiku hudai uhifadhi wa nafasi, ambao hulipiwa mbali, na vitanda vya treni za usiku hulipiwa zaidi ya viti. Baadhi ya kampuni binafsi za Uswidi hazipokei pasi hata kidogo. Na ile reli maarufu ya Flåm nchini Norwei, yenye urefu wa kilomita 20 na inayoteremka kutoka Myrdal, mita 867 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingoni mwa fyodi, yaani hori refu linalopenya kati ya milima, huwapa wenye pasi punguzo la asilimia 30 tu. Haimo ndani ya pasi.

Hapa ndipo viza inapoingia. Nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha, na kuvuka kutoka Denmark kwenda Uswidi na kisha Norwei hakuhesabiwi kuwa ni kuingia upya. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ombi likikataliwa, na mwombaji lazima awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa ile ambayo ndege itatua. Aliyetua Copenhagen lakini akapanga usiku mitano Norwei na miwili tu kwingineko anapaswa kuomba Norwei. Ombi linaweza kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ingawa unaweza kurefuka, na miadi ya kuwasilisha ombi yenyewe inaweza kuwa ya kusubiri.

Tazama sasa jinsi mambo haya mawili yanavyogongana. Tiketi nafuu inadai uamue tarehe mapema na usirudi nyuma. Viza inakutaka uonyeshe mpango wa safari, lakini haikuahidi kwamba utasafiri tarehe hiyo, au kwamba utasafiri. Mjerumani, asiyehitaji viza, anayekata tiketi sita za bei ya chini miezi mitatu kabla anacheza kamari ndogo na hali ya hewa. Mwombaji wa viza kutoka Dar es Salaam anayefanya vivyo hivyo anaweka rehani fedha zake zote mbele ya uamuzi usio wake. Ndiyo maana hesabu ya kawaida inayolinganisha bei ya pasi na jumla ya tiketi za bei ya chini kabisa haimfai. Tiketi hizo kwake hazipo mpaka viza iwe imebandikwa. Pasi ambayo haijaanza kutumika, kwa kawaida, inaweza kurudishwa kwa makato fulani, isipokuwa iliyouzwa kwa ofa maalumu, na siku zake hazijafungwa kwenye tarehe yoyote. Kwa hiyo, hata pale ambapo pasi inagharimu zaidi kidogo ya tiketi alizozikata Mjerumani yule, ninaiona kuwa chaguo la busara kwa mwenye kuhitaji viza. Njia ya pili ni kuomba viza mapema kabisa, miezi minne au mitano kabla, kwa kutumia uhifadhi wa vyumba unaoweza kufutwa bure, kisha kukata tiketi za reli mara tu jibu linapotoka, wakati bei bado ziko chini.

Ili mambo haya yasielee hewani, tuchukue mzunguko mmoja: Copenhagen, Malmö, Stockholm, Abisko, Narvik, Bodø, Trondheim, Oslo, Bergen, kisha kurudi Oslo, Göteborg na Copenhagen. Mzunguko huu unakamilika kwa reli isipokuwa mahali pamoja, kati ya Narvik na njia ya Bodø. Narvik ni mji wa Norwei ambao reli yake haikuunganishwa na reli nyingine za Norwei. Treni zake hutoka Uswidi, kwa sababu njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya chuma cha Kiruna: bandari za Uswidi upande wa Ghuba ya Bothnia huganda wakati wa baridi, ilhali bandari ya Narvik, inayopashwa joto na mkondo wa bahari kutoka Atlantiki, haigandi mwaka mzima. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1902 na hadi leo abiria hugawana reli na treni ndefu za mawe ya chuma, ndiyo maana ajali moja ya treni ya mizigo huweza kuwakatia watalii njia kwa wiki kadhaa. Kutoka kusini, reli ya Trondheim–Bodø, yenye kilomita 729, ilifika Bodø mwaka 1962 na kuishia hapo. Katikati kuna basi, la takriban saa tano kutoka Narvik hadi Fauske, stesheni iliyo kabla ya Bodø, na basi hilo huvushwa kwa kivuko sehemu moja ya njia. Nauli yake haimo ndani ya pasi, na wengi huigundua wakiwa tayari Narvik.

Katika mzunguko huu msafiri wa peke yake hukutana na kanuni ambayo wenzake waliokwenda wawili hawaioni. Kinachouzwa kwa kiti au kwa kitanda hakimwadhibu mtu kwa kuwa peke yake. Kinachouzwa kwa chumba humtoza sehemu ya mtu asiyekuwepo. Katika treni ya usiku ya Uswidi unaweza kununua kitanda kimoja ndani ya chumba cha vitanda sita, na wanawake wanaweza kuomba chumba cha wanawake watupu. Katika treni za usiku za Norwei chumba cha kulala ni cha vitanda viwili na hukodiwa kizima, kwa hiyo aliye peke yake huona bei inayomfukuza. Njia yake ni kulala kitini kati ya Oslo na Trondheim au, bora zaidi, kusafiri mchana. Nasema bora zaidi kwa sababu njia ya Bergen, iliyofunguliwa mwaka 1909 na kupanda hadi stesheni ya Finse kwenye mita 1,222, haina maana usiku isipokuwa kwa mwenye haraka. Kaskazini mambo ni tofauti: mwezi Juni katika Abisko jua halichwi, na treni ya usiku hukuonyesha kila kitu ilimradi uwe macho.

Kanuni hiyohiyo inafuata mahali pa kulala. Hosteli huuza kitanda, hoteli huuza chumba. Zile za jumuiya ya watalii ya Uswidi, STF, iliyoanzishwa mwaka 1885, na nyingi za Denmark na Norwei, zina jiko la pamoja ambamo mtu anaweza kupika wali wake bila kuulizwa. Shuka mara nyingi hukodishwa kwa ada ya ziada, kwa hiyo beba shuka mbili na foronya. Kikoi hakitaongeza uzito. Kwa wenye hema, sheria ya Norwei ya mwaka 1957 huruhusu kupiga kambi katika ardhi isiyolimwa, angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, kwa usiku usiozidi miwili mahali pamoja penye watu karibu. Uswidi ina haki inayofanana. Denmark haina, na mgeni asidhani kwamba ruhusa inavuka daraja pamoja naye.

Chakula hakihitaji maneno mengi: nunua katika maduka makubwa ya bei nafuu kama Rema 1000, Kiwi, Netto au Willys, kula mlo wako mkubwa mchana nchini Uswidi, ambako migahawa huuza chakula cha mchana pamoja na saladi, mkate na kahawa kwa bei moja, na jaza chupa yako kwenye bomba. Fedha taslimu hazina kazi kubwa. Vibanda vingi havizipokei, na mfumo wa kulipa kwa simu wanaoutumia wenyeji wa Uswidi hudai akaunti ya benki ya huko. Hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa kwa malipo ya nje kabla hujaondoka nyumbani.

Kinachobaki ni ucheleweshaji, na hapa tena namna ulivyokata tiketi ndiyo inayoamua. Kanuni za Umoja wa Ulaya humpa abiria fidia ya asilimia 25 ya nauli treni ikichelewa kwa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Kama safari yote iko katika tiketi moja, mwendeshaji ana wajibu wa kukufikisha hata ukikosa treni ya kuunganisha. Kama ulikata tiketi mbili kwa kampuni mbili ili kuokoa kidogo, kila kampuni huitazama treni yake tu, na ile ya pili inaweza kukuhesabu kuwa hukutokea. Wakati wa kiangazi, hasa Julai, Norwei hufunga sehemu za njia kwa matengenezo na kuweka mabasi badala ya treni. Na Agosti 2023 dhoruba iliyopewa jina Hans iliangusha daraja la Randklev kwenye njia ya Oslo–Trondheim, ambayo haikufunguliwa tena hapo hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo usikate treni ya mwisho ya siku kuelekea uwanja wa ndege, na unapounganisha tiketi mbili tofauti, acha nafasi ya saa mbili au zaidi kati yake. Katika treni ya kuvuka kutoka Copenhagen kwenda Malmö, usiweke pasipoti chini ya begi: tangu mwishoni mwa mwaka 2015 polisi wa Uswidi wamekuwa wakikagua vitambulisho upande wa pili wa daraja, na aliye peke yake hana mtu wa kumshikia kiti wakati anapekua mzigo.